Haikuwa Mimba

14 Januari

Dada yangu,

Salamu kutoka huku bondeni. Sisi wazima, ukiacha vumbi. Wifi yako anakusalimu sana, yuko pale kwenye duka la kambi anabishana na mafundi chuma kuhusu sabuni. Ukuta wa bwawa umepanda, na sasa nikikaa juu kwenye kreni naona kambi nzima, hadi kamba za nguo. Najua nani kafua na nani anajifanya amefua. Mtandao bado hakuna. Ukitaka kupiga simu unapanda kilimani, unapata mstari mmoja, upepo unakula maneno. Kwa hiyo tutaendelea na dereva wa lori la saruji, ambaye anasema sisi ndugu wawili tumemfanya posta.

Sasa nije kwenye lenyewe. Mama mkubwa ameniandikia kurasa mbili, na moja na nusu ni tumbo lako. Nilisoma nikiwa juu. Nikashuka, nikamwambia wifi yako, akakaa juu ya ndoo. Dada, miaka yote hii tumekaa kimya, hatuulizi, tunazungumza habari za mvua. Kumbe wewe unatuandalia hili. Naambiwa shemeji ametangaza mpaka kwa wasoma mita huko kazini kwake kwenye umeme.

Ila nina neno. Kwa nini sikulisikia kwako? Unaogopa kulitaja mapema? Mimi si mtu wa nje. Niandikie japo mistari miwili, useme mwenyewe.

Mdogo wako

2 Februari

Mdogo wangu,

Barua nimeipata, imekunjamana na ina saruji kwenye mikunjo. Nashukuru mko salama. Mama mkubwa goti linamsumbua lakini mdomo mzima, kama ulivyoona. Shemeji yako yupo, wanabadilisha nguzo za umeme huku nyuma ya soko, anarudi jioni amechoka. Pampu ya bwawa la shule imekufa, kwa hiyo siku hizi nafundisha kuogelea bila maji. Watoto wanalala kifudifudi kwenye mabenchi wanapiga miguu hewani. Mkuu wa shule alipita, akatazama, akaondoka.

Haikuwa mimba.

Naandika hivyo kwa sababu sijui namna nyingine. Siku zangu zilikuwa hazieleweki tangu mwaka jana, halafu zikakoma. Tumbo likaanza kuja. Nguo ya kuogelea ikabana. Watoto wa darasa la chini wakaanza kuulizana. Nikanunua kipimo dukani, hakikuonyesha kitu, nikasema ni kibovu. Unaona nilivyokuwa.

Nikaenda kliniki ya wajawazito. Nesi akapima mkojo, akapima tena, akatazama tumbo, akanitazama usoni. Akanipeleka kwenye ultrasaundi. Kijana wa mashine alikuwa anapiga soga na redio yake imewashwa. Akapitisha kile kidude tumboni, soga likaisha, akanyoosha mkono akazima redio.

Nikamuuliza, "Mtoto yuko wapi?"

Akasema, "Mama, tumsubiri daktari."

Tumbo limejaa maji mazito. Daktari wa wanawake anadhani yanatoka kwenye vifuko vya mayai. Atanifungua aone.

Shemeji yako sasa anazunguka kwa watu aliowaambia, mmoja mmoja, anawaambia hakuna kitu. Nilimwambia aache, watu wataona wenyewe. Hakuacha. Anatoka asubuhi mapema kabla ya kazi, anarudi, anavua viatu, anakaa.

Usinionee huruma kwenye barua. Niandikie habari za bondeni.

Dada yako

3 Machi

Dada,

Nimekaa na karatasi hii siku kadhaa. Umesema nisikuonee huruma, basi nakuandikia habari za bondeni.

Mvua imenyesha, mto umepanda, tumesimamisha kazi upande wa kulia. Msimamizi amenunua mbwa wa kulinda misumari, na mbwa amekuwa rafiki wa wezi. Nimebadilishiwa kreni, hii mpya ina kiti kinachozunguka, nikigeuka haraka napata kizunguzungu kama mlevi.

Wifi yako leo hakusalimii, amelala. Anaumwaumwa. Kichefuchefu, hataki harufu ya mafuta wala samli. Nadhani ni maji ya hapa.

Shemeji mpe mkono. Na huyo daktari akikufungua, mtu aniandikie siku hiyo hiyo, hata kama ni mama mkubwa na kurasa zake.

Mdogo wako

11 Aprili

Mdogo wangu,

Natumaini maji ya huko yametulia na wifi amepona. Mwambie asilale sana, kulala kunazidisha kichefuchefu. Mama mkubwa amehamia kwetu kwa muda, ananipikia uji na kunisimulia wagonjwa wote aliowahi kuwajua, ambao wengi wao walikufa. Shemeji yako anamwambia, "Mama, mbona hutuletei aliyepona hata mmoja?" Mama mkubwa anafikiri, anasema atakumbuka.

Nimefunguliwa na nimefungwa. Vifuko vya mayai havikuwa chanzo. Daktari anasema alipofungua alikuta kitu kama jeli, cha manjano, kimejaa kila pembe ya tumbo. Akachota alichoweza, akakata vipande vidogo vya kupeleka maabara, akafunga. Majibu yalikawia. Nilikwenda mara nyingi, naambiwa hayajarudi. Siku yaliporudi daktari alifunga mlango.

Akasema, "Kimeanzia kwenye kidole tumbo."

Nilidhani sijasikia vizuri. Kidole tumbo si kile kinachouma ghafla upande wa kulia, mtu anakimbizwa hospitali, anakatwa, wiki ijayo anacheza mpira? Mimi hakijaniuma hata siku moja.

Akanieleza. Kuna uvimbe wa nadra unaoota ndani ya kidole tumbo. Unatengeneza ute. Kidole kinajaa mpaka kinapasuka kimyakimya, ute unamwagika na mbegu zake, unaenea taratibu, miaka, mpaka tumbo linatoka. Wanawake wengi hudhaniwa wana shida ya vifuko vya mayai. Wengine hudhaniwa wajawazito. Aliposema hilo alitazama chini.

Nikamuuliza kama ni saratani. Akasema ni ndugu yake. Aina yangu ni ya polepole, mara chache sana huenda kwenye mapafu au sehemu nyingine za mwili, lakini ikiachwa itabana matumbo mpaka chakula kikose njia. Dawa za mshipani hazisaidii sana. Kinachosaidia ni kulifungua tumbo lote na kulisafisha lote.

Akasema, "Nimewahi kuona mgonjwa mmoja tu wa hivi. Mimi siwezi kazi hii, na sitaki kujifanya naiweza." Nilimpenda kwa hilo, kama bado napenda kitu. Ameniandikia kwenda kwa daktari mwingine, mbali, anayefanya upasuaji huo.

Sikulia. Nilikuwa nakumbuka kwamba nimeacha nguo nje na mawingu yamekusanyika.

Dada yako

30 Aprili

Dada,

Barua yako nimeisoma na nimeisoma. Nilikwenda kumwuliza mganga wa kambi juu ya kidole tumbo, akasema ni upasuaji mdogo wa nusu saa. Nikamweleza ulichoandika, akasema hajawahi kusikia.

Nilitaka kuja kukaa nawe wakati wa upasuaji huo mkubwa. Siwezi kuondoka kwa sasa. Ni mambo ya kazi. Ukuta umefika pabaya.

Wifi yako anaendelea vizuri. Anakusalimu.

Mdogo wako

18 Juni

Mdogo wangu,

Hatujambo. Nakuandikia kutoka wodini, kitanda cha dirishani. Chini naona uwanja wa kuegesha magari na mwanamke anayeuza mayai ya kuchemsha. Shemeji yako amepata chumba karibu. Ameshatengeneza swichi ya taa ya wodi iliyokuwa inacheza, nesi mkuu akamkaripia, kisha akamwonyesha nyingine. Mama mkubwa amebaki nyumbani.

Daktari bingwa ni mama mfupi, miwani imening'inia shingoni kwa uzi. Alinichorea tumbo kwenye karatasi. Alisema tumbo kwa ndani limetandikwa utando, na ute huu unapenda kukaa kwenye utando huo. Kwa hiyo atanifungua kutoka chini ya kifua mpaka chini kabisa, na atabandua utando kila mahali ulipoathirika, kama mtu anavyobandua karatasi ya ukutani. Atatoa kidole tumbo na kipande cha utumbo mpana upande wa kulia. Atatoa lile pazia la mafuta linalofunika matumbo. Wengu, akiona limeguswa. Akishamaliza kinachoonekana kwa macho, watamimina tumboni dawa ya moto ya kuua kile kisichoonekana, wataizungusha kwa mashine zaidi ya saa nzima, wataitoa, watafunga. Ni kazi ya siku nzima.

Halafu akavaa miwani. "Na vifuko vyote viwili vya mayai. Na mji wa mimba. Vimeguswa."

Nikasema sawa.

"Una watoto?"

"Sina."

"Ningekuwa na njia ya kuviacha ningekwambia. Nikiviacha nitakuwa nimekuachia mbegu."

Nikatazama karatasi yake. Alikuwa amechora vizuri. Shemeji yako alisogeza kiti chake mezani. Akasema, "Toa, daktari. Toa chochote. Mniachie yeye."

Nikatia saini. Najishangaa.

Upasuaji ni Alhamisi. Kama kuna jambo la kuniambia, ningependa uliseme kabla. Najua barua hii haitakufikia kwa wakati, naandika tu.

Dada yako

5 Agosti

Dada,

Barua yako imenikuta Alhamisi imeshapita zamani. Daraja lilikatika, lori halikuja mpaka wiki hii. Nilipoona tarehe nikapanda kilimani na simu. Nilimpata shemeji, nikasikia, "Yuko hai," halafu upepo. Nilibaki nimeshika simu juu ya kichwa kama mtu anayetega mvua. Nilirudi siku iliyofuata na iliyofuata, sikumpata tena. Yuko hai ndiyo niliyokuja nayo kwa wifi yako, tukaishi nayo.

Unasema kama kuna jambo. Hakuna jambo, Dada. Wewe maliza kupona. Kazi inaendelea, mbwa wa msimamizi amezaa, kumbe alikuwa jike. Sijui kwa nini nakuandikia hilo. Nisamehe. Ningeanza karatasi nyingine lakini dereva anapiga honi.

Mdogo wako

2 Septemba

Mdogo wangu,

Salamu. Niko nyumbani. Shemeji yako mzima, amekonda kuliko mimi. Mama mkubwa amemkumbuka mgonjwa mmoja aliyepona, ananitaja mimi.

Walinilaza usingizi asubuhi, nikaamka sijui ni lini. Mirija kila mahali, mmoja puani, mingine ubavuni. Koo kama nimemeza mchanga. Kwanza nilishika tumbo. Lilikuwa limeingia ndani, bapa, kama la mtu mwingine. Daktari alikuja amechoka, macho mekundu. Akasema wametoa vyote alivyotaja, wengu pia. Akasema hajaacha kitu kinachoonekana. Ute ulijaza ndoo. Nilimwuliza ulikuwa na rangi gani, akashangaa, akasema, "Kama asali iliyoganda."

Baadaye nilipata homa, usaha ukajikusanya ndani, wakaweka mrija mwingine. Utumbo uligoma kuamka. Nilikuwa nalishwa kwa mshipa na kila asubuhi nesi ananiuliza kama nimetoa hewa. Siku nilipotoa, wodi nzima ilinipongeza. Kitanda cha pili walipiga makofi. Shemeji yako alitoka nje ya mlango, akarudi macho yamevimba. Mimi nilisema asanteni.

Hiyo ndiyo habari yangu. Sasa yako.

Nilijua tangu Mei. Mama mkubwa aliteleza ulimi akiwa anachambua mboga, akaziba mdomo na mikono yenye majani. Wifi ana mimba. Kila mtu alikuwa anajua. Shemeji yako alijua. Fundi wa pampu ya shule alijua, maana ana binamu huko kambini.

Nilingoja uniandikie. Ukaandika ni maji ya huko. Ukaandika mambo ya kazi. Niliingia chumba cha upasuaji najua, nikatia saini najua, na bado nikakuuliza. Ukanijibu habari za mbwa.

Sina hasira. Ningekuwa nayo ningefurahi, ingekuwa kitu. Nataka tu ujue ulichofanya. Ulinificha kama watu wanavyoficha chakula kwa mtu aliyekatazwa kula. Ninyi wote mlikuwa mezani, mkisikia hatua zangu mnafunika sahani. Mimi ni shangazi wa huyo mtoto. Hakuna aliyenitoa cheo hicho.

Mwambie wifi asinyanyue magunia ya dukani.

Dada yako

14 Oktoba

Dada yangu,

Wifi yako amejifungua leo asubuhi. Mtoto wa kike. Mganga wa kambi alitetemeka kuliko sisi, lakini mama mmoja mpishi aliwahi kuzalisha, akamsukuma pembeni. Wote wawili wazima. Mtoto ana nywele nyingi na ana hasira. Mama mkubwa hajui. Msimamizi hajui, anadhani nimechelewa kazini. Wewe ndiye wa kwanza, nimekaa juu ya ndoo ya duka nakuandikia, mtoto analia nyuma ya pazia.

Nilikuandikia Machi. Niliandika wazi kabisa, nikasoma, nikaona limekaa kwenye karatasi moja na ugonjwa wako. Nikachana. Nikaandika kichefuchefu. Aprili nikachana tena. Na sikuja kwa sababu wifi yako alikuwa anatokwa na damu kidogo kidogo, tuliogopa mimba itatoka, na nilishindwa kukwambia nimebaki kulinda mimba. Wifi yako aligombana nami. Alisema, "Dada yako si yai. Unamfanya aonekane mtu mwenye kijicho." Nikamwambia humjui. Kumbe nisiyekujua ni mimi.

Siku ile nilipokujibu hakuna jambo, nilipanda kwenye kreni, nikainua zege, nikakaa nalo hewani mpaka watu wa chini wakaanza kupunga mikono. Sikuwa naona.

Sikuombi uje. Sikuombi chochote. Mtoto hajapewa jina. Wifi yako anasema jina litatoka kwa shangazi yake au halitatoka.

Mdogo wako

20 Novemba

Mdogo wangu, na wifi yangu, na huyo mwenye hasira,

Hongereni. Nimelisema kwa sauti hapa mezani kabla ya kuliandika, shemeji yako ni shahidi. Mama mkubwa nimemwambia mimi. Alijifanya hakuwa anajua chochote, akashangaa vizuri sana.

Nimekwenda kwenye picha ya kwanza baada ya upasuaji. Daktari aliiweka kwenye ule ubao wa taa, akaitazama, akavaa miwani akaitazama tena. Akasema, "Sioni kitu. Sisemi hakitarudi. Nasema leo sioni kitu." Nitakuwa narudi, picha na damu, kwa miaka. Shemeji yako alimwomba arudie. Akarudia neno kwa neno.

Pampu imetengenezwa. Jumatatu niliingia majini. Kovu linaanzia chini ya kifua na nguo haiwezi kulifunika lote kwa sababu linachungulia juu, watoto walilitazama, wakachoka, wakaanza kumwagiana maji. Nilielea chali. Nilihisi baridi mgongoni. Ni muda mrefu sijahisi kitu nikakitambua hapo hapo.

Kuna jambo na mimi sikukuandikia. Kuanzia mwaka jana mwishoni, mpaka siku ile ya redio, nilikuwa naongea na tumbo. Nikiosha vyombo namwambia naosha vyombo. Nikienda shule namtajia njia. Nilimwambia habari zako, kwamba ana mjomba anayekaa hewani. Shemeji yako alinisikia mara moja, akapita polepole kama mtu anayeogopa kumshtua ndege. Yale yote niliyasema, na aliyekuwa anasikia ni ute. Daktari aliutoa kwa ndoo, ukamwagwa. Sijamweleza mtu, maana sijui nieleze nini. Hakuna aliyekufa. Watu hawaji kukaa nawe kwa sababu ya kitu kama hicho. Basi nimekaa nacho peke yangu, na kimenikausha.

Nakuja. Dereva wa saruji amekubali kunichukua Jumamosi ya kwanza ya Desemba, niketi mbele, asiendeshe kama mwendawazimu. Jina sina bado. Siwezi kumpa mtu jina kabla sijamwona uso.

Nina ombi moja. Nikifika msimfiche chumbani, wala msinitazame usoni mkisubiri nitafanya nini. Nipeni mtoto mkononi, mwende kwenye kazi zenu. Nikianza kulia, mtanisikia. Msije kumchukua.

Dada yako